Kutambua Wadudu wa Ghalani kwa Kipimo cha Vinasaba

Dumuzi aliyekomaa, ambaye wakulima wengi wanamfahamu kwa jina la Scania, hahitaji maabara, kwani kichwa chake kimeinamia chini ya kifua, sehemu ya nyuma imekatika wima, na unga mwingi anaouacha humtambulisha mapema. Kipimo cha vinasaba kinafaa pale macho yanaposhindwa: funza waliomo ndani ya punje, vipande vya wadudu, au fukusi wa mahindi na fukusi wa mchele, Sitophilus zeamais na Sitophilus oryzae, ambao hata mtaalamu huwatenganisha kwa uhakika kwa kuchunguza viungo vyao vya uzazi.

Iwe ghala liko Makambako au Mbozi, kazi huharibika zaidi wakati wa kuchukua sampuli kuliko ndani ya maabara. Choma bambo, chuma chenye ncha cha kuchukulia sampuli ya nafaka, katika magunia ya juu, ya kati na ya pembeni, chekecha nafaka, kisha watie wadudu wakiwa bado hai katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Formalini isitumike, kwa kuwa huharibu vinasaba. Lebo iandikwe kwa penseli, maana ethanoli hufuta wino wa kalamu nyingi, nayo ionyeshe tarehe, kijiji, zao na namna lilivyohifadhiwa.

Maabara huchukua mguu mmoja tu na kuuhifadhi mwili uliobaki kama ushahidi. Jeni ya COI, inayotumika kutofautisha spishi, hupendelewa kwa sababu imo katika mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, ambazo ni nyingi katika kila seli. Kwa PCR, njia ya kunakili vinasaba mara nyingi, kipande cha jeni hiyo chenye jozi besi (vipashio vya vinasaba) 658 hivi husomwa na kulinganishwa na kumbukumbu zilizopo. Penye haraka, njia ya LAMP, ambayo nayo hunakili vinasaba, hufanya kazi katika joto moja la nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi na kutoa jibu ndani ya saa moja, ingawa hujibu swali lililoulizwa tu: vianzishi (vipande vifupi vya vinasaba vinavyoanzisha unakili) vya dumuzi havitamtaja fukusi.

Kila mara pima pia vinasaba vya mdudu anayejulikana, pamoja na maji matupu. Maji yakionyesha jibu chanya, kuna uchafuzi, hivyo matokeo yote yatupwe. Na chupa za LAMP zisifunguliwe baada ya kipimo, kwani vinasaba vilivyonakiliwa humo huchafua meza nzima.

Jibu likishapatikana, lihusishwe na dawa. Viuawadudu vya kundi la pairethroidi humdhibiti dumuzi vizuri, ilhali fukusi hudhibitiwa zaidi na vya kundi la oganofosfeti. Palipo na wote wawili, itumike dawa ya vumbi yenye mchanganyiko wa makundi hayo mawili.