Kuthibitisha kwamba chanjo ndiyo iliyodhuru: madai ya fidia Marekani

Kabla ya kumtafuta mtaalamu yeyote, fungua Jedwali la Madhara ya Chanjo, orodha rasmi ya mpango mkuu wa serikali ya Marekani wa kuwafidia waliodhuriwa na chanjo. Limetaja chanjo, dhara na muda ambao dalili ya kwanza lazima ijitokeze: mshtuko wa mzio ndani ya saa 4, jeraha la bega ndani ya saa 48, Guillain-Barré (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva) kati ya siku ya 3 na ya 42 baada ya chanjo ya mafua ya msimu. Ukitimiza masharti yake, sheria inachukulia chanjo kuwa chanzo; serikali ndiyo itakayolazimika kuthibitisha chanzo kingine.

Madai ya bega huharibika kwa mambo madogo. Faili lazima lionyeshe mkono uliochomwa, na kwamba bega hilo halikuwa na tatizo la awali linaloeleza maumivu hayo. Ukimwona daktari miezi miwili baadaye naye akaandika "maumivu ya wiki tatu", zile saa 48 zimekuponyoka. Mtajie tarehe maumivu yalipoanza, tena uhakikishe ameiandika.

Nje ya Jedwali, mzigo wote wa kuthibitisha ni wako. Uamuzi wa mahakama ya rufaa katika kesi ya Althen (2005) unadai mambo matatu: nadharia ya kitabibu inayoeleza chanjo hiyo inavyoweza kuleta ugonjwa huo, mfuatano wa kimantiki unaoonyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mgonjwa huyu, na muda unaopatana na nadharia yenyewe. Kipimo ni uwezekano unaozidi nusu, si uhakika wa kisayansi. Hata hivyo, daktari anayeandika "huenda" hajakufikisha hapo.

Wengi hudhani dalili zikiwahi sana, hoja inapata nguvu. Sivyo. Kama unasema kingamwili zilizozalishwa na chanjo zilishambulia neva, udhaifu ulioanza saa mbili baada ya sindano unakuvunjia hoja, maana mwili huhitaji siku kadhaa kuzitengeneza. Kwa jambo la pili kati ya yale matatu, yaani mfuatano wa kimantiki, tegemea maandishi ya madaktari waliokutibu na vipimo vilivyoondoa vyanzo vingine. Maneno ya mdai peke yake hayatoshi kisheria.

Dai lisilo la kifo lifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu dalili ya kwanza, si tangu ugonjwa ulipotambuliwa. Athari ziwe zimezidi miezi 6, isipokuwa kwa kifo au kulazwa pamoja na upasuaji. Chanjo za COVID-19 zina mpango wake, wenye mwaka 1 tu tangu kuchanjwa.

Tafuta wakili mapema: katika mpango huu mkuu, ada yake inaweza kulipwa hata ukishindwa, mradi dai lilifunguliwa kwa nia njema na lina msingi wa kuridhisha.