Moshi wa moto wa msituni: soma hewa kabla ya kufungua dirisha

Usitegemee pua. Ikikaa kwenye moshi huuzoea, na chembe zinazodhuru zaidi, PM2.5, zina kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, jicho halizioni moja moja. Kwa anayeishi California, Oregon au jimbo jingine la Marekani linalofikiwa na moshi, pa kuanzia ni ramani ya bure ya fire.airnow.gov.

Tafuta mji wako, kisha angalia umbo la alama kabla ya rangi. Duara ni mtambo wa kudumu wa kupima hewa, pembetatu ni mtambo wa muda, mraba ni kihisi cha bei nafuu, mara nyingi kimefungwa nyumbani kwa mtu. Mtambo wa kudumu huaminika zaidi, lakini ukiwa kilomita 30 nyuma ya mlima, haukuambii mengi kuhusu bonde lako. Hapo miraba ndiyo yenye faida. Chukua mitatu minne ya jirani, ikikubaliana, amini. Mmoja ukiwa zambarau katikati ya kijani, huenda uko karibu na jiko la kuchomea nyama, au mdudu ameingia ndani.

Ramani ya PurpleAir, kampuni inayouza vihisi, nayo huonyesha vihisi vya aina hiyo, ila namba yao ghafi hupanda kupita kiasi kwenye moshi. Chagua kwanza marekebisho ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, na hakikisha kihisi ni cha nje, si cha sebuleni.

Namba yenyewe, yaani AQI, kipimo cha Marekani cha ubora wa hewa: hadi 50 ni kijani, hewa safi. Kuanzia 101, chungwa, wenye pumu, wazee, watoto na wajawazito wapunguze kazi za nje. Kuanzia 151, nyekundu, inamgusa kila mtu. Kuanzia 201 ni zambarau, na kupita 300 ni rangi ya damu ya mzee: kaa ndani, funga madirisha. Aliye Kanada asichanganye; kwenye AQHI, kipimo cha hewa cha huko, 7 tayari ni hatari kubwa.

Kosa la kawaida ni kutazama asubuhi na kuamini mpaka jioni. Namba ya AirNow huchanganya saa hadi 12, zile za karibuni zikipewa uzito zaidi hewa inapobadilika, kwa hiyo upepo ukigeuka ghafla huchelewa kidogo. Gusa alama usome mwelekeo wa nusu saa iliyopita. Tena, ramani ya moshi haionyeshi ozoni, gesi nyingine inayochafua hewa: mchana wa jua kali, pitia na ukurasa mkuu wa AirNow. Ukilazimika kutoka hewa ikiwa nyekundu, vaa barakoa ya N95 iliyobana uso vizuri. Leso haizuii chembe hizi.