Kabla hujaunganisha akaunti ya benki na mfumo wa hesabu wa kampuni

Malori yetu hupakia Mombasa, huvuka Malaba na kushusha Kampala, nami ndiye ninayeandika fedha za safari hizo. Tulipoamua taarifa za benki ziingie zenyewe kwenye mfumo wa hesabu, tulianza kwa kutafuta programu. Ilitupasa tuanze na leja yetu, yaani daftari kuu la hesabu.

Salio la kuanzia ndilo jambo la kwanza, na ndilo lenye kazi kubwa kuliko yote. Chagua tarehe moja ya mwisho wa mwezi, ulinganishe leja na taarifa ya benki mpaka kila tofauti iwe na maelezo: hundi hii mwenyewe hajaipeleka benki, makato haya hayajaandikwa, fedha hizi ziliwekwa kwa wakala na mwekaji hajulikani. Ukiunganisha huku mmepishana na benki kwa shilingi 340,000 zisizojulikana zilikotoka, utaamka nazo kila asubuhi, na baada ya muda watu wataanza kuilaumu programu.

Andika pia siku ambayo kuingiza miamala kwa mkono kutakoma, na kila mtu aijue. Sisi hatukuiandika. Kijana wa ofisini alipakia faili la mwezi kama alivyozoea, mfumo nao ukavuta siku zilezile, na malipo ya dizeli ya malori manne yakaingia mara mbili. Tukampigia muuza mafuta kumwambia tumemzidishia. Mzee wa watu akaja na risiti zake ndani ya bahasha ya kaki, akazipanga mezani moja baada ya nyingine bila kupandisha sauti. Alikuwa na haki. Kwa hiyo iulize benki mapema: je, kila muamala una namba yake ya kumbukumbu, na namba hiyo haibadiliki, uje kwa faili au moja kwa moja? Bila namba hiyo mfumo hauwezi kutambua kwamba muamala umeshaingia.

Omba faili la mfano na ulisome kwa macho yako kabla ya fundi kuligusa. Benki nyingi hutoa muundo wa MT940 au camt.053, ambayo ni miundo ya kimataifa ya faili za taarifa za benki, na huu wa pili hubeba maelezo mengi zaidi. Tazama mstari wa maelezo. Wetu mmoja ulisomeka CASH DEP MALABA, yaani fedha taslimu zimewekwa Malaba, basi, bila jina wala namba ya ankara. Hakuna programu itakayojua hizo ni fedha za nani. Waombeni wateja waandike namba ya ankara wanapolipa, na hilo lianze miezi kadhaa kabla. Faili lisipitie Excel njiani pia: hufuta sifuri ya mwanzo ya namba za simu na za akaunti, na namba ikizidi tarakimu 15 zile za mwisho hugeuka sifuri.

Sarafu nazo zina mtego. Katika viwango vya kimataifa shilingi ya Uganda haina senti, ilhali dola na shilingi ya Kenya zina tarakimu mbili za senti. Programu inayodhani sarafu zote ni sawa inaweza kusoma 1,500,000 kama 15,000. Saa vilevile: seva nyingi hufuata UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Muamala wa saa nane usiku kuamkia tarehe 1 Julai utasomeka wa tarehe 30 Juni, na mwaka wa fedha wa serikali hapa Uganda hufungwa siku hiyohiyo.

Usiuagize mfumo ulinganishe kiasi kwa kiasi tu. Mteja aliyeteuliwa na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kukata kodi ya zuio (kodi anayoikata mlipaji kabla ya kukulipa) hukata 6%, hivyo ankara ya 5,000,000 isiyo na VAT huingia benki ikiwa 4,700,000. Namba ya ankara ya EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki, ndiyo itakayokuonyesha kwamba ni malipo yaleyale.

Kwenye ruhusa nina msimamo mkali. Programu ipewe ruhusa ya kusoma peke yake. Kutuma fedha kubaki kwa watia saini wawili, kama lilivyo azimio la bodi lililoko benki. Anayekuomba nywila ya mtia saini ili “kurahisisha” umkatalie hapohapo, hata kama ni ndugu yako.

Taarifa ya benki imejaa majina na namba za simu za madereva na wateja, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawahusu. Hakikisheni kampuni imesajiliwa kwenye ofisi ya ulinzi wa data binafsi, na muulize seva za programu ziko nchi gani, maana sheria ina masharti kuhusu data inayohifadhiwa nje ya Uganda.

Yote yakishakuwa tayari, endesheni njia zote mbili sambamba kwa mwezi mzima, ile ya zamani kwenye daftari la pembeni, isiingie tena kwenye leja. Kila jioni saa kumi na moja, mtu mmoja alinganishe salio la mfumo na la benki, aweke saini yake. Mwezi ukifungwa bila tofauti isiyo na maelezo, ndipo mwambie kijana aache kupakia faili.