Kuomba kura za ubunge Ilemela, nyumba kwa nyumba na lugha kwa lugha

Nimefanya kampeni za ubunge hapa Ilemela, Mwanza, mara tatu, 2010, 2015 na 2020, kila mara nikiongoza kikosi cha nyumba kwa nyumba. Siku nyingine zote nauza dagaa wa jumla Mwaloni, Kirumba. Mimi ni Mkerewe, mume wangu Msukuma, jirani yangu wa ukuta mmoja Mjaluo wa Rorya. Haya nawaandikia vijana wanaoingia kwenye timu kwa mara ya kwanza. Nimewaona mkipewa fulana na vipeperushi, kisha mnaachwa mtaani bila kuambiwa mnakwenda kuongea na nani.

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa. Usimuulize kabila gani ni wengi. Swali hilo linaharibu mtaa, na maadili ya uchaguzi yanakataza kuomba kura kwa ukabila. Muulize hivi: ni nyumba zipi zina wazee ambao Kiswahili kinawapa shida, na humo ndani wanaongea nini? Utatajiwa nyumba chache, nazo ndizo ambazo timu nyingi huzipita kwa salamu ya mlangoni.

Lugha za ziwani si moja. Mimi nikikaa na Mzinza au Mhaya, tunaokoteza maneno mpaka tunaelewana. Kisukuma nilijifunza ukweni, kwa miaka. Kijaluo hakina undugu wowote na lugha zetu hizi. Kwa hiyo usimpeleke kijana kwa bibi fulani kwa sababu tu naye kazaliwa ufukweni.

Kisha panga saa. Kiseke, Nyasaka na Buswelu kuna wafanyakazi wengi, na mageti hufunguliwa jioni. Nenda Jumamosi, au Jumapili baada ya ibada, Kiswahili kinatosha. Sangabuye wahi asubuhi, maana Oktoba mvua zinakaribia na watu wako shambani.

Igombe angalia mwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, kwa hiyo siku za giza vijana wanakesha majini na mchana wamelala. Ukimgonga mtu aliyetoka ziwani alfajiri, umeshampoteza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi inapumzika na wao wako mwaloni wanashona nyavu. Kura za 25 Oktoba 2015 na 28 Oktoba 2020 ziliangukia siku chache kabla ya mwezi mpevu, nasi tukawakuta nchi kavu. Ila kabla ya sera, muulize mvuvi kadi yake ya mpiga kura aliiandikisha wapi. Wapo waliojiandikisha Ukerewe na hawajahamisha taarifa, na huyo hawezi kumpigia kura mbunge wa Ilemela hata akikupenda vipi. Jambo hilo liseme mapema, daftari la wapiga kura linapoboreshwa.

Akina mama wa vichanjani usiwasimamishe wakianika. Kunja mikono ya shati, anika nao, mzungumze mikono ikiwa kazini.

Salamu jifunze vizuri. Asubuhi kwa Msukuma ni "mwangaluka", na mama mtu mzima umwite "mayu". Kwa Mjaluo ni "oyawore". Mwenyeji akikupa maji, sema "wabeja" ukiwa kwa Msukuma. Inama kidogo, usisimame juu ya mzee aliyekaa. Baada ya hapo, kama hujui lugha, rudi kwenye Kiswahili bila aibu na umwache mkalimani wako aendelee. Maneno matatu ya kubabaisha hayamfanyi mtu akuone ndugu.

Sasa naja kwenye lililonichoma. Mwaka 2015 mgombea wetu alisema mwaloni kwamba ushuru wa dagaa "ataufuatilia". Mkalimani, kijana mzuri tu mwenye hamasa, akawaeleza akina mama kwa Kisukuma kwamba ushuru unafutwa. Walipiga vigelegele. Mimi nilisikia kosa na nikanyamaza, nikiogopa kuharibu mkutano. Baada ya uchaguzi walinijia mimi gengeni, si mgombea, wakaniuliza: mayu, mbona ushuru bado? Sikuwa na jibu, na mmoja wao hadi leo hanisalimii.

Tangu hapo nafanya hivi. Ahadi zote ziandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, sentensi fupi fupi, na mgombea mwenyewe azisome na kuzikubali. Tafuta wakalimani wawili kwa kila lugha. Wa kwanza azigeuze kwa sauti. Wa pili, ambaye hajaiona karatasi, asikilize na kuzirudisha kwa Kiswahili. Mkae mlinganishe. "Nitafuatilia", "nitajitahidi" na "nitafanya" ni vitu vitatu, na ndipo tafsiri nyingi zinapoteleza. Zoezi hili linachukua jioni nzima. Litengee jioni hiyo hata kama kuna mkutano wa hadhara mnaoutamani. Na ukisikia mkalimani amekosea jukwaani, msahihishe palepale, mbele ya watu. Ahadi inayosemwa Kiseke kwa Kiswahili na inayosemwa Sangabuye kwa Kisukuma lazima iwe ileile.

Eleza pia mbunge ni nani. Wazee wengi wanachanganya kazi yake na ya diwani, kwa sababu siku hiyo wanapewa karatasi tatu: rais, mbunge, diwani. Mbunge anakaa Dodoma, anapitisha bajeti na sheria, anauliza mawaziri. Mtaro wa mtaani mzungumzie na diwani.

Mwisho wa ziara waeleze upigaji kura wenyewe. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na aliye kwenye foleni saa hiyo atapiga. Karatasi ina picha ya mgombea na nembo ya chama. Asiyejua kusoma anaweza kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Mwambie asikubali kuchaguliwa msaidizi, hata na wewe.

Jioni mkirudi, andikeni maswali yote mliyoulizwa, kwa lugha ileile yaliyoulizwa, kisha tafsiri yake chini. Mgombea ayapate kabla hajapanda jukwaa kesho yake.