Jinsi ya kuandika hadithi fupi ya nyumba yenye makabila mawili

Wengi wakiandika hadithi ya Mkikuyu na Mjaluo wameoana wanaanza na wazazi kukataa ndoa, alafu kelele, alafu machozi siku ya harusi. Hiyo tumeisoma sana. Tafuta kitu kidogo cha nyumbani, kitu ambacho upande mmoja ni heshima na upande wa pili ni dharau, anzia hapo.

Mfano. Nakuru, Kaptembwa, chumba kimoja cha ploti, pazia limekata kitanda na viti. Mtoto ana wiki mbili, mama ya msichana amefika na matatu ya jioni kutoka Njoro amebeba njahi za kumpikia mzazi, na mvua inanyesha kweli kweli. Baba mtoto ni Mjaluo wa Siaya, na kwao mama mkwe na mkwe hawalali nyumba moja, kwa hivyo anasalimia akiwa mlangoni macho chini, anachukua jaketi anaenda kulala kwa beshte yake. Labda hata haamini sana hizo mila lakini mwili unakataa tu. Shosho, huyo mama ya msichana, anaangalia kikombe cha chai mkwe ameacha kimejaa, anamuuliza binti polepole, "Nimemkosea nini?"

Kaa hapo. Usikimbie kueleza mila paragrafu nzima, andika vile chai inapoa inafanya utando juu, na binti jibu analo lakini mtoto analia na amechoka kuwa mkalimani wa watu wawili anaowapenda.

Maneno ya kwao yaache vile yalivyo, njahi ni njahi, na Mjaluo akimwita mama mkwe maro mwache amwite, msomaji atashika. Lakini usimpe mtu lafudhi ya kuchekesha, na shosho asiwe mtu wa kupenda pesa tu. Hii naisema kwa uchungu, Nakuru tuliona Januari 2008, kwa vurugu za baada ya uchaguzi, kuchora watu hivyo kunafika wapi.

Usiku mmoja unatosha, maneno 1000 hivi.

Ukimaliza soma kwa sauti, alafu tafuta wasomaji wawili, mmoja kila upande. Muulize Mjaluo, huyu jamaa angetoka bila kuonja chai kweli? Muulize Mkikuyu kama shosho angeuliza binti ama angenyamaza mpaka asubuhi. Wakianza kubishana wao kwa wao chukua kalamu, hayo maneno ndio ulikuwa unakosa kwa hadithi.