Kamagera au makanga: kumchagua wa kukuuzia nyumba

Nimeendesha matatu ya Nakuru kwenda Ravine kwa miaka kumi na tisa, kwa hivyo nitaanzia pale ninapopajua. Stejini kuna kamagera na kuna makanga. Kamagera anaita, ananyakua mzigo wako kabla hujataja unakoenda, anakusukumia garini, anapokea chake kwa dereva na kurudi kuita wengine. Gari likizima Kabarak, yeye hayupo. Makanga ndiye anayepanda nanyi, anajua nani anashukia wapi, na tairi likipasuka ndiye anayelala chini na jeki. Gari linahitaji wote wawili. Ila nauli huwezi kumwachia kamagera.

Mwaka jana mimi na mama watoto tuliuza nyumba yetu ya Kiamunyi, Nakuru, ili tuhamie Kitale. Vyumba vitatu vya kulala, ploti ya futi 50 kwa 100, tangi la lita elfu tano. Nilipitia ajenti wa mtandaoni, nikapitia dalali wa mtaani, na mwishowe nikaangukia wakala mwenye ofisi mjini Nakuru. Nikueleze nilichojifunza ili wewe usilipe karo niliyolipa mimi.

Kijana wangu aliye Nairobi ndiye aliyenitafutia yule wa mtandaoni. Ofisi yao sijawahi kuiona hadi leo; kila kitu kilikuwa kwa simu. Walitaka 35,000 za kuanzia, ambazo hazirudishwi, kisha asilimia moja nyumba ikiuzwa. Mawakala wa hapa Nakuru nao walikuwa wananiambia asilimia tatu. Nilipiga hesabu nyuma ya kijitabu cha mafuta: nyumba ya milioni 7.2, asilimia tatu ni 216,000. Ya mtandaoni ni 72,000 na zile 35,000, jumla 107,000. Nusu bei! Nikatuma pesa kwa M-Pesa jioni ile ile.

Kosa langu la kwanza liko hapo, kwenye hesabu. Nililinganisha bei kabla sijalinganisha kazi. Mmoja analipwa akikuuzia. Mwingine ameshalipwa sehemu ya pesa yake hata asipokuuzia. Kabla hujauliza asilimia ngapi, muulize kila mmoja: kwa pesa hizo unafanya nini, na siku gani? Nani anapiga picha? Nani anapokea simu Jumapili? Nani anakuja kufungua geti? Mimi ningeuliza swali hilo la geti, ningejibiwa "wewe mwenyewe, mzee", na mambo yangeishia hapo.

Picha walipiga vizuri, hilo siwezi kuwanyima. Sebule yetu ilionekana kubwa mpaka mama watoto akacheka, akauliza hii ni ya nani. Simu zikaanza kuingia siku ya pili. Tatizo ni kwamba kwenye ramani waliweka alama Kiamaina. Aliyeiweka alikuwa ameketi Nairobi, akaona majina yanafanana. Kiamaina iko upande wa Bahati, sisi tuko barabara ya Kabarak, na katikati kuna mji mzima wa Nakuru. Jumamosi ya kwanza watu watatu walitoka Nairobi na familia zao, wakafika Kiamaina, wakanipigia wakiwa wamesimama kwenye geti la mtu. Mmoja alikubali kuja mpaka kwangu. Wawili waligeuza gari. Nilipowaandikia wale mabwana, nilijibiwa na mashine kwamba ombi langu limepokelewa. Marekebisho yalichukua siku tisa.

Halafu ikaja ya kodi. Niliambiwa kwa ujumbe kwamba niongeze bei kwa asilimia 15 kwa sababu serikali itaikata. Nikaongeza, simu zikakauka. Wakili wangu aliposikia alishika kichwa. Ni kweli kodi ya faida ya kuuza mali ni asilimia 15 tangu Januari 2023, awali ilikuwa 5. Lakini inatozwa kwenye faida, haitozwi kwenye bei yote. Na nyumba ambayo mwenyewe umekaa ndani mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza imesamehewa kodi hiyo. Sisi tulikuwa tumekaa kumi na mmoja. Ushuru wa stempu nao, ambao ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, hulipwa na mnunuzi. Kwa hiyo swali la pili la kumpima wakala yeyote, wa simu au wa ofisi, ni hili: "Nikiuza hii, mimi ninalipa nini na mnunuzi analipa nini?" Anayejikanyaga hapo, mshukuru na uondoke.

Usidhani wa karibu wote ni malaika. Wakati nimekata tamaa na mtandao, alikuja dalali wa mtaa wetu, kijana mchangamfu, ananiita mzazi. Hakutaka mkataba wala asilimia. "Wewe mzazi niambie unataka ngapi mkononi, hiyo ingine niachie." Nikamwambia milioni 7.2. Baada ya wiki mbili mama mmoja wa kanisani kwetu akamuuliza mama watoto kwa nini tumekuwa wagumu hivyo, mbona milioni 7.8 kwa nyumba ya Kiamunyi? Ndipo nikaelewa. Laki sita ilikuwa cha juu, yaani nyongeza ambayo dalali anajiwekea juu ya bei yako. Watu walikuwa wanafika, wanasikia 7.8, wanaondoka, na mimi nimekaa pale nikifikiri nyumba yangu ina mkosi.

Cha juu ndicho kinachoua mauzo mengi huku kwetu, na mwenye nyumba huwa wa mwisho kujua. Dawa yake ni bei moja, iliyoandikwa, na wakala analipwa asilimia iliyoandikwa. Anayekwambia hataki chochote kutoka kwako, anakitaka kutoka kwa mwingine.

Sasa, namna ya kuwapima. Hii niliifanya safari ya tatu na ningependa ningeanza nayo.

Kwanza, mpigie kama mnunuzi. Mama watoto alipiga simu kwa mawakala wanne akijifanya anatafuta nyumba ya vyumba vitatu. Wa mtandaoni wawili walijibu ndani ya dakika tano, kwa ujumbe ulioandikwa tayari: "Habari mpendwa, bofya hapa." Mmoja wa mjini hakushika kabisa. Wa nne alipiga baada ya chakula cha mchana, akaomba radhi, akauliza: "Mama, unanunua na pesa taslimu ama mkopo wa Sacco? Una watoto wa shule? Unafanya kazi upande gani wa mji?" Maswali matatu tu, lakini yalikuwa ya mtu anayetaka kukufikisha. Huyo ndiye tuliyemchukua.

Pili, muulize akutajie nyumba tatu alizouza mwaka huu karibu na kwako, zilianza kwa bei gani, zikaisha kwa ngapi, zilichukua muda gani. Bei unazoziona mtandaoni ni bei za kuomba. Binti yangu alikuwa amenionyesha nyumba ya jirani imewekwa milioni 9.5, nikavimba kichwa. Wakala wetu aliitazama picha akasema, "Mzee, hiyo ilikaa miaka miwili na ikaenda kwa saba." Hilo huwezi kulisoma popote.

Tatu, uliza kama amesajiliwa. Kuna Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura 533, na kuna bodi ya usajili ambayo watu huiita EARB. Wakala halali ana nambari yake na cheti cha kufanyia kazi ambacho hutolewa upya kila mwaka. Mwambie akuonyeshe cha mwaka huu. Hapa mtandao na mtaa ni sawa: wa kwangu wa Nairobi alinitumia nembo nzuri sana, cheti sikukiona.

Mkataba wenyewe usome ukiwa umeketi, ikiwezekana kwenye karatasi. Ule wa mtandaoni nilibofya "nimekubali" nikiwa steji nangoja abiria wawili wajaze gari. Ndani yake kulikuwa na mstari kwamba hata nikimuuzia jirani yangu mwenyewe ndani ya miezi sita, asilimia yao iko palepale. Kwa hivyo tazama haya: ni wakala wa peke yake au unaweza kuwa na wengine? Muda ni gani? (Siku tisini zinatosha. Anayetaka mwaka mzima anataka kulala.) Malipo yake ni lini, nyumba ikikamilika kuhamishwa au deposti ikiingia? Nilikubaliana na wa kwangu asilimia 2.5, nusu deposti ikiingia, nusu siku ya mwisho. Na mnunuzi niliyempata mwenyewe, ambaye jina lake nimelitoa kabla ya kutia sahihi, hamhusu.

Nikuonyeshe tofauti kwa siku moja tu. Jumamosi ya tatu na wakala mpya, saa nne asubuhi, wageni wanakuja saa tano. Yeye alifika saa nne unusu kwa nduthi, viatu vimejaa vumbi. Akafungua madirisha yote, akasogeza pipa la maji lililokuwa limeziba dirisha la jikoni, akamwomba mama watoto aanike nguo upande wa nyuma. Akafungua bomba la jikoni akalisikiliza. Alikuwa amechagua Jumamosi kwa sababu alijua ndiyo siku yetu ya kupata maji ya mgao. Kisha akatoka kwenda kuwangojea wageni barabara ya lami na kuwaleta kwa njia ya juu, ile yenye murramu, badala ya njia ya chini ambayo mvua ya juzi yake ilikuwa imeifanya uji.

Mgeni, mwanamke wa makamo, akauliza swali ambalo kila mtu wa Nakuru huuliza: haya maji, meno ya watoto je? Visima vingi vya huku vina floridi nyingi, na meno ya wengi waliokulia hapa yana alama ya kahawia. Mimi ningeanza kubabaika. Yeye akajibu bila kupepesa macho: "Ya bomba na ya mvua ndiyo wanayokunywa hapa. Kisima cha jirani ni cha kufulia." Kisha akamwonyesha mfereji unaoingia kwenye tangi. Mgeni akauliza pia kuhusu nyufa za ardhi zinazosikika upande wa mitaa ya Kaptembwo na Rhonda, naye wakala akamzungusha nyumba nzima, akamwacha aguse kuta. Alama ya ramani haiwezi kufanya hivyo, hata ikiwekwa mahali pake.

Huyo mwanamke hakununua. Aliyenunua ni muuguzi anayefanya kazi Saudi Arabia, aliyeiona nyumba kwenye video fupi ambayo wakala huyo huyo aliirekodi kwa simu yake na kuiweka Facebook. Kaka yake ndiye aliyekuja kugusa kuta. Kwa hivyo mtandao ulifanya kazi yake ya kuita, ila aliyeita alikuwa pia amepanda gari.

Kuna wakati wakala wa mtandaoni anafaa kuliko wa mtaani, nisiwe mchoyo. Shemeji yangu ana nyumba Riat, juu ya Kisumu, sebule inatazama ziwa. Nyumba ya namna ile wanunuzi wake wako Nairobi na ughaibuni, na picha ya ziwa jioni inajiuza yenyewe. Yeye alikuwa anaishi hapo, funguo anazo, maswali anayajua. Akalipa ada ya tangazo, akawaonyesha watu mwenyewe, akamwachia wakili mengine. Kama una muda, unakaa ndani ya nyumba, na huna aibu ya kujadiliana bei na mgeni, fanya hivyo. Mimi nilikuwa barabarani tangu saa kumi na moja alfajiri.

Mambo machache ambayo hayajali umechagua nani. Picha ya hati ya umiliki usiiweke mtandaoni, na ile halisi usimpe wakala yeyote. Mnunuzi wa kweli mpe nambari akafanye upekuzi ofisi ya ardhi. Deposti, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, ipitie kwa mawakili. Yangu ilikuwa 690,000, na wakala hakuigusa. Mke au mume lazima atie sahihi ya kukubali, na ukimficha mauzo yanaweza kubatilishwa. Ikiwa hati ingali ya shamba la kilimo, kuna kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lake lina miezi sita tu tangu mkubaliane. Ikiwa ni ya marehemu mzazi, usitangaze popote kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi.

Tuliuza milioni 6.9. Wakala alichukua 172,500 yake, nami nikamlipa bila kunung'unika. Siku ya kukabidhi tulisoma mita ya stima pamoja na kaka ya muuguzi, tukaandika nambari kwenye karatasi, tukatia sahihi wote wawili.

Jambo la mwisho: nyumba ikiuzwa, dai tangazo liondolewe, na upewe jibu la maandishi. Mimi niliomba mara nne. Wiki iliyopita nikiwa Kitale, nachambua mbegu za mahindi, simu ikaita, mtu anaongea kwa heshima sana, anasema amefika, amesimama getini, ila mwenye nyumba anamwambia haiuzi. Nikamuuliza, uko wapi ndugu yangu? Akasema, Kiamaina.