Kujua nani anafuatilia simu yako, na namna ya kumzuia

Mahali ulipo hutoka kwenye simu kwa njia kuu tatu: programu ulizozipa ruhusa, akaunti anayoiona mtu mwingine, na minara ya mtandao. Mbili za kwanza unazifunga mwenyewe. Ya tatu haifungwi kwa kuzima GPS, kwa sababu laini ikiwa hewani simu hujitambulisha kwenye mnara ili iweze kupigiwa, na mtandao huweka kumbukumbu. Hapo kinga yako ni sheria.

Kabla hujagusa chochote, jiulize unamshuku nani. Ikiwa ni mtu wa karibu anayejua namba yako ya siri, usifute kitu kwanza. Ufuatiliaji ukikatika ghafla atajua, na huenda akakudhuru. Tafuta msaada kwa simu nyingine isiyo mikononi mwake, kisha utumie hiyohiyo kupiga picha za skrini yako ili ushahidi ubaki. Usiiruke hatua hii.

Sasa programu. Kwenye Android fungua mipangilio, kisha Mahali, uone zipi zina ruhusa wakati wote. Tochi haihitaji kujua ulipo, inyime kabisa. Ya hali ya hewa iachie ruhusa unapoitumia tu, na uzime kipimo sahihi, maana eneo la kukadiria linaitosha. Halafu kagua programu zenye haki ya usimamizi wa kifaa na zile zilizo kwenye huduma za ufikivu (Accessibility), zilizokusudiwa kuwasaidia wenye ulemavu kutumia simu. Programu za kijasusi hupenda kujificha humo kwa majina ya kawaida, kama vile huduma ya mfumo. Ukijaribu kuiondoa ikagoma, ivue kwanza haki ya usimamizi, ndipo uifute.

Kwenye akaunti, angalia orodha ya vifaa vilivyoingia, na kwenye Google Maps angalia unaoshiriki nao mahali ulipo. Kwenye WhatsApp kagua vifaa vilivyounganishwa. Toa usivyovitambua, kisha badilisha nenosiri ukiwa kwenye simu safi. Ukilibadilisha kwenye simu yenye jasusi, anaweza kulisoma papo hapo.

Usihangaike na msimbo *#21# unaosambazwa kuwa hufichua simu inayosikilizwa. Unachoonyesha ni kama simu zako zinaelekezwa kwenye namba nyingine, basi.

Tukirudi kwenye minara: mwaka 2018, katika kesi ya Carpenter, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba polisi kwa kawaida wanahitaji hati ya mahakama ili wapate kumbukumbu hizo. Walikuwa wamechukua za siku 127, zenye alama 12,898 za mahali alipokuwa mtu mmoja. Hizo ni karibu mia moja kwa siku, zinazotosha kueleza maisha ya mtu.

Penye sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, iandikie kampuni ya simu. Taja namba yako na tarehe unazozitaka, kisha uulize mambo manne: mmehifadhi nini kunihusu, mtakihifadhi kwa muda gani, mmempa nani, na kwa idhini ipi. Katika Umoja wa Ulaya kampuni ina mwezi mmoja wa kujibu, ingawa ombi gumu huweza kuongezewa miwili. Tunza nakala yenye tarehe ya kupokelewa: wakinyamaza, hiyo ndiyo utakayoambatisha kwenye malalamiko kwa mamlaka inayosimamia sheria hiyo.